Kwenda Tezi na Omo, Marejeo Ni Ngamani: Mwongozo wa Familia Kwenye Meli Iliyojaa

Siku ya nne ya safari yetu ya kwanza nilimkuta mama yangu roshani, peke yake, kanga mabegani, anaitazama bahari. Mwanangu mkubwa alikuwa ukuta wa kupanda, wa kati klabu ya watoto, mdogo usingizini, mke wangu ananyoosha nguo za usiku. Mimi nilikuwa nimetoka kupanga foleni ya maonyesho. Nilipompa chai akaniuliza: "Mwanangu, tumesafiri pamoja, au tumepanda meli moja?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumelipa pesa nyingi, tumetoka Houston hadi Galveston, tumepanda meli yenye watu kama mji mdogo, na kila mtu alikuwa amepata mchezo wake. Tulichokosa ni sisi kwa sisi. Tangu siku ile nimesafiri tena kwa meli na familia, na haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya ndugu wanaoishi huku Marekani ambao wanataka kuwapeleka watoto, na labda bibi au babu aliyekuja kutembea, kwenye meli ya kitalii ya Karibi. Mfano wangu ni Galveston, kwa kuwa ndiko ninakokujua, ila mengi yatakufaa hata ukitokea Miami.

Meli ikijaa, imejaaje?

Kampuni za meli huhesabu abiria kwa watu wawili kila chumba. Harmony of the Seas, meli ya mwaka 2016 yenye urefu wa mita 362, kwa hesabu hiyo huchukua abiria 5,479. Lakini vyumba vingi vina kitanda cha tatu na cha nne, cha kushushwa kutoka darini au kukunjuliwa kwenye sofa. Shule zikifungwa, vitanda hivyo hulaliwa na watoto, na abiria wa meli ileile hupita 6,500. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, huhesabiwa abiria 5,610, lakini ikijaa kabisa hubeba 7,600. Ndiyo maana meli huweza kujaa kupita asilimia mia moja na kila mtu akawa na kitanda chake. Kinachobanwa ni mabwawa, lifti na meza za chakula, kwa kuwa hivyo haviongezeki.

Basi uamuzi wa kwanza ni tarehe. Msongamano mkubwa uko katikati ya Machi wakati wa likizo ya shule, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Agosti, wiki ya Sikukuu ya Shukrani, na Krismasi hadi Mwaka Mpya. Watoto wakiwa bado hawajaanza shule, nenda wiki mbili za mwanzo wa Desemba, au Januari baada ya wiki ya kwanza, au mapema Mei. Septemba na Oktoba nafasi ni nyingi na bei hushuka, lakini huo ni msimu wa vimbunga vya Atlantiki, unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30, na nahodha anaweza kubadili njia. Miezi ya baridi nayo ina ukungu wake: Galveston, kati ya Januari na Machi, ukungu ukitanda mlango wa bandari hufungwa, na meli husubiri nje. Kwa hiyo usikate tiketi ya ndege ya asubuhi siku ya kurudi, na kama unatoka mji wa mbali, fika siku moja kabla.

Karatasi kwanza, mabegi baadaye

Meli inayokwenda Cozumel, Mexico, imetoka Marekani. Watu husahau hilo kwa sababu wanaondoka na kurudi kwenye gati lilelile.

Raia wa Marekani, kwenye safari inayoanza na kuishia bandari moja ya Marekani, anaruhusiwa kutumia cheti cha kuzaliwa, na mtu mzima akaongeza kitambulisho cha serikali. Hata hivyo wachukulie watoto pasipoti. Mtoto akilazwa hospitali Cozumel au mkiachwa na meli, mtarudi kwa ndege, na ndege itataka pasipoti.

Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu achukue kadi yake pamoja na pasipoti ya nchi yake. Bibi aliyekuja kwa viza ya matembezi atazame viza yenyewe, mahali palipoandikwa idadi ya kuingia: herufi M maana yake anaweza kuingia mara nyingi maadamu viza haijaisha muda. Ikiwa ni ya kuingia mara moja, alishaitumia siku aliposhuka uwanja wa ndege, na asipande meli. Kisha iandikie kampuni ya meli, si kuipigia simu tu, uulize pasipoti ya nchi yenu inahitaji nini kwa kila bandari mtakayotia nanga, na jibu ulichapishe.

La mwisho naomba ulisome mara mbili. Ikiwa kuna mtu nyumbani anayesubiri majibu ya ombi la hifadhi au la kadi ya ukaazi, safari ya siku moja Mexico bila ruhusa ya kurudi iliyotolewa mapema inaweza kulifuta ombi lake. Amwone mwanasheria kabla hamjalipa hata senti. Kama hana ruhusa hiyo, mwaka huu nendeni ufukweni Galveston wote pamoja. Meli itakuwepo mwakani.

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, beba barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo, iliyogongwa muhuri wa wakili au mthibitishaji. Na mjamzito ajue kwamba kampuni nyingi hazimpokei atakayekuwa ametimiza wiki 24 kabla safari haijaisha. Mtoto mchanga kwa kawaida hukubaliwa kuanzia miezi sita.

Bei ya tangazo na bei ya kweli

Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Juu yake kuna kodi na ada za bandari. Kisha kuna bakshishi ya wahudumu, ambayo hukatwa kila siku kwa kila kichwa, watoto wakiwemo, na kwenye kampuni nyingi ni kiasi cha dola 16 hadi 20. Familia ya watu sita kwa usiku saba, kwa dola 18, ni dola 756. Usiilalamikie pesa hiyo, maana yule anayetandika vitanda vyenu ana watoto aliowaacha mbali. Ila iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Vinywaji vya kopo, intaneti, picha na matembezi ya bandarini hulipiwa mbali. Kifurushi cha pombe kwenye kampuni kadhaa hulazimu watu wazima wote wa chumba kukinunua, kwa hiyo kama chumbani kuna asiyekunywa, piga hesabu vizuri. Maji, chai na kahawa ya kawaida ni bure mle ukumbini.

Bima usiiache. Bima nyingi za afya za Marekani hazifanyi kazi baharini, na bibi aliyekuja kutembea huenda hana kabisa. Nunua ya safari inayolipia matibabu na pia kumhamisha mgonjwa kwa ndege. Zahanati ya meli ni nzuri, lakini gharama zake huandikwa moja kwa moja kwenye hesabu ya chumba chako.

Chumba, na muhimu zaidi, meza

Kama kuna anayelewa bahari, chukueni vyumba vya katikati ya meli, sitaha za chini, maana huko meli huyumba kidogo kuliko omoni, tezini au juu. Epuka chumba kilicho chini ya bwawa, kwa kuwa alfajiri utasikia viti vikiburutwa, na kilicho juu ya ukumbi wa muziki. Bibi mwenye magoti mabovu awe karibu na lifti, lakini si mlango kwa mlango nayo. Ombeni vyumba viwili vyenye mlango wa ndani kati yao, mapema, maana ni vichache.

Katika safari yetu ya kwanza nilidhani mama ndiye atakayeugua. Kumbe yeye, aliyepanda majahazi toka Tanga kwenda Pemba tangu utoto, hakutikisika. Waliolewa bahari ni wanangu waliozaliwa Houston. Dawa ya kichefuchefu hufanya kazi ikinywewa kabla mawimbi hayajaanza. Muulize daktari kipimo cha mtoto, na umuulize pia kama inapatana na dawa za presha za wazee. Tangawizi mbichi iwe mkobani.

Sasa meza. Kampuni nyingi hukupa hiari mbili: kula usiku saa yoyote utakayo, au kupewa saa moja ya kudumu na meza moja ya kudumu. Wengi huchagua ya kwanza kwa kuona ina uhuru. Sisi tuliichagua, na ndiyo iliyotutawanya. Kwenye meli iliyojaa, uhuru huo maana yake ni foleni, na aliye na njaa hasubiri. Kila mmoja huenda kujipakulia kivyake ghorofani.

Chagua saa ya kudumu, ile ya mapema, ambayo mara nyingi ni kama saa kumi na moja na nusu jioni. Kama mmelipia vyumba vitatu kwa majina tofauti, pigeni simu waviunganishe ili mpewe meza moja. Mtahudumiwa na watu walewale kila usiku. Siku ya pili watajua kwamba mdogo hali nyanya, na siku ya tatu bibi atakuta maji ya moto yamemtangulia mezani. Chakula cha halali kiombwe kwa maandishi wiki kadhaa kabla ya safari, kisha ukumbushe usiku wa kwanza. Msimamizi wa meza atakuletea orodha ya kesho uchague leo.

Siku ya kupanda

Jaza fomu za kupanda mtandaoni mara tu zinapofunguliwa, uchague saa ya mapema ya kufika gatini. Masanduku makubwa utayakabidhi kwa wapagazi, na huenda yasifike chumbani hadi jioni. Kwa hiyo begi la mkononi liwe na pasipoti, dawa zote, nguo za kuogelea na nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto. Nimemwona baba mmoja akilia gatini kwa sababu pasipoti za nyumba nzima zilikwenda ndani ya sanduku. Mzee asiyeweza kusimama muda mrefu aombewe kiti cha magurudumu. Hakuna aibu, na ni bure.

Mkishaingia, fanyeni mambo matatu kabla ya kukimbilia chakula. Andikisheni watoto klabuni. Nyingi huanza na umri wa miaka mitatu, na mtoto awe ameacha nepi. Wekeni nafasi za maonyesho ikiwa meli yenu inataka hivyo. Na nendeni kituo chenu cha kukusanyikia wakati wa dharura.

Hilo la tatu msilifanye kwa kutimiza wajibu tu. Januari 13, 2012, Costa Concordia iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 walikufa. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda jioni ileile na hawakuwa wamefanya zoezi lolote la dharura, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilitoa saa 24. Sasa ni lazima zoezi lifanywe kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Sisi tuliotoka nyumbani tunaikumbuka MV Bukoba iliyozama Mei 1996 na Spice Islander iliyozama Septemba 2011, hatuhitaji kubembelezwa. Tembeeni kwa miguu, nyote, kutoka mlango wa chumba hadi kituo, kwa ngazi, na mtoto ndiye aongoze njia. Meli nyingi huwavisha watoto bangili yenye namba ya kituo. Isivuliwe.

Tembea kinyume cha umati

Watu elfu sita huamka, hula na kuogelea saa zilezile. Ukihama saa moja tu, utadhani umebadilishiwa meli.

Siku za baharini, bwawa likaliwe saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, kisha mwondoke jua likipanda na watu wakifurika. Chai ya asubuhi inywewe kabla ya saa mbili. Mchana, badala ya kupigania meza kule kwa kujipakulia, ulizeni kama ukumbi mkuu wa chakula umefunguliwa. Siku za baharini mara nyingi hufunguliwa, na hukaa nusu tupu kwa sababu wengi hawajui. Lifti husongamana maonyesho yanapokwisha na watu wanaporudi kutoka bandarini: wenye miguu mizima wapande ngazi, wazee wasubiri kwa robo saa penye viti.

Na mnapofika bandari ambayo hamna hamu nayo sana, bakini. Meli hubaki nyeupe. Mwanangu wa kati alijifunza kuogelea Costa Maya, ndani ya bwawa la meli, watu wakiwa wameshuka wote.

Wafundishe watoto meli kwa majina yake: omo ni mbele, tezi ni nyuma. Sitaha zinafanana na korido ni ndefu, lakini mtoto anayejua kama anakwenda omoni au tezini hapotei. Simu ziwekwe katika hali ya ndegeni, kwa sababu mtandao wa simu wa baharini ni ghali kupita kiasi. Programu ya meli yenyewe mara nyingi hukuruhusu kuandikiana ujumbe mle ndani. Bado, andikeni karatasi mlangoni: nani yuko wapi, atarudi saa ngapi. Betri ya karatasi haiishi.

Kwa wanaoswali, kumbuka meli hugeuka. Luninga ya chumbani huwa na chaneli ya ramani inayoonyesha mwelekeo wa meli. Itumie hiyo, maana dira ya simu huweza kudanganywa na chuma kilichowazunguka.

Maji ya kuogelea na maji ya kunawa

Baadhi ya meli zina waokoaji bwawani, nyingine hazina. Jibu liwe moja: mtu mzima mmoja, kwa zamu inayojulikana, asiye na simu mkononi. Wakubwa watano wakikaa pamoja kando ya bwawa, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Mtoto wa nepi haruhusiwi kuingia mabwawa ya wote, hata akivaa nepi ya kuogelea. Tafuteni mapema meli yenye sehemu ya watoto wachanga kama mnaye. Roshani, viti vikae mbali na reli.

Ugonjwa unaoogopwa kwenye meli ni wa kutapika na kuharisha unaoletwa na norovirusi. Jeli ya spiriti haiuui vizuri. Dawa ni sabuni na maji, kabla ya kila chakula na baada ya choo, kama bibi alivyowafundisha. Akiugua mmoja, toeni taarifa na abaki chumbani. Kuficha ni kuwaambukiza watoto wa wenzenu.

Bandarini: saa ya nani?

Meli huondoka. Haitamsubiri mwenye kununua shanga. Na kosa kubwa la familia si uzembe, ni saa.

Galveston hufuata saa ya Texas, ambayo husogezwa mbele kati ya Machi na Novemba. Honduras haisogezi. Basi wakati wa kiangazi, meli ikiwa imebaki na saa ya Texas, simu yako ukiwa Roatán inaweza kujibadilisha yenyewe na kukuonyesha saa tisa na nusu alasiri, kumbe melini ni saa kumi na nusu, na ngazi inavutwa. Cozumel mambo ni kinyume: miezi ya baridi saa zao ziko mbele kwa saa moja. Vaeni saa ya mkono iliyowekwa kwa saa ya meli mnaposhuka, na msiigeuze. Ongeza fumbo letu wenyewe: tangazo litasema 4:30, bibi anasema saa kumi na nusu, na wanao waliokulia huku wakisikia "kumi" wanafikiria saa nyingine kabisa. Kabla ya kushuka, kila mtu aitamke saa ya kurudi kwa lugha zote mbili. Kisha mrudi saa nzima kabla yake.

Ngamani

Wahenga wa pwani walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini ya chombo maji yanapokusanyika, na ndipo mabaharia hukutana kuyateka, mkubwa na mdogo, kila mtu na kata yake. Mtu na azunguke chombo chote atakavyo. Ipo sehemu ambayo lazima arejee.

Safari ya pili hatukumkataza mtu kitu. Mkubwa alipanda kuta zake, mke wangu alilala mchana kutwa, mimi nilisoma kitabu kizima kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Lakini saa kumi na moja na nusu kila mmoja alikuwa mezani, amenawa, ana habari ya kueleza. Mama alianza kuwasimulia wajukuu habari za majahazi ya Pemba, na usiku wa tano mhudumu wetu, aliyekulia kisiwani Ufilipino, alisimama kusikiliza na kuongeza ya kwao. Roshani mama alikwenda alipotaka, na mara nyingi alikwenda na mjukuu.

Kwa hiyo siku utakapofungua fomu ya kukata tiketi, kabla hujatazama rangi ya chumba wala urefu wa mteremko wa maji, tafuta mahali palipoandikwa saa ya chakula cha usiku. Chagua meza moja na saa moja, ijaze hiyo kwanza.